Anza na boksi, wati zitafuata: kuchagua amplifaya na spika za gitaa la besi

Mtu akienda kununua amplifaya ya besi, swali lake la kwanza huwa, "Ina wati ngapi?" Muuzaji hulijibu kwa furaha, kwa sababu wati ni namba rahisi kuuzia. Mimi nakushauri uiache hiyo iwe karibu na mwisho. Sauti unayoisikia inatoka kwenye boksi la spika. Kazi ya amplifaya ni kulisukuma. Ukipatia boksi, amplifaya haitakusumbua sana.

Hatua ya 1: Jua utapiga wapi, na nani

Kwa mazoezi ya chumbani, kombo (amplifaya na spika ndani ya boksi moja) ya wati 15 hadi 50 yenye spika ya inchi 8 au 10 inatosha. Ikiwa na tundu la hedifoni, ichukue uendelee na mazoezi.

Akishaingia mpiga dramu, mambo yanabadilika. Dramu hazina kitufe cha kupunguza sauti, na besi lazima isikike pamoja nazo bila kukoroma. Kwa bendi yenye dramu na magitaa, ambayo besi yake haipiti kwenye mitambo ya ukumbi, fikiria wati 200 hadi 300 pamoja na boksi la spika mbili za inchi 10, au moja nzuri ya inchi 12. Hapo ndipo pa kuanzia. Bendi ikiwa ya kelele, utataka spika nne.

Kama unapopiga pana mitambo ya kutosha, na fundi mitambo anavuta waya kutoka kwenye amplifaya yako hadi kwenye miksa, hesabu inageuka. Boksi lako sasa ni la kukusikilizisha wewe na wenzako jukwaani, ukumbi unabebwa na mitambo. Wapiga besi wengi hutokwa jasho kupandisha boksi kubwa jukwaani, halafu kabla hata wimbo wa kwanza haujaisha wanaambiwa wapunguze.

Hatua ya 2: Jua besi yako inashuka hadi wapi

Uzi wa E, ulio wa chini kabisa kwenye besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi hutoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano ina B ya chini, ambayo ni hezi 31. Ukiziangalia namba hizo unaweza kudhani boksi lisilofika hezi 31 halifai. Si kweli. Kila noti ya besi ina sauti nyingine juu yake, na katika E ile ya hezi 82 mara nyingi ina nguvu kuliko 41 yenyewe. Sikio likizipata hizo za juu, linaitambua noti bila shida.

Ushahidi upo. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa SVT, amplifaya ya valvu (mirija ya kioo) ya wati 300 iliyopigiwa kwenye maboksi yaliyozibwa kabisa, kila moja likiwa na spika nane za inchi 10. Sauti hiyo imekuwa kipimo cha besi ya roki hadi leo, ilhali boksi la aina hiyo huanza kupungua nguvu kabla ya kufika hezi 41. Linalolibeba ni unene wa sauti za juu kidogo ya hapo.

Kwa hiyo ukisoma kwenye karatasi ya boksi kwamba linafika hezi 35, uliza: likiwa limepungua kwa desibeli ngapi, yaani vipimo vingapi vya ukubwa wa sauti? Kupungua desibeli 3 ni kitu kimoja, kupungua 10 ni kitu kingine kabisa. Namba isiyo na maelezo hayo ni pambo.

Kuna na uvumi kwamba noti ya chini inahitaji mita nane za nafasi ili "ikomae", kwa sababu urefu wa wimbi la E ni kama mita 8.3. Vaa hedifoni upige E, utasikia mwenyewe kama kuna mita nane kati ya sikio na spika.

Hatua ya 3: Chagua boksi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kuna kanuni ya mafundi wa spika inayojulikana kwa jina la Hofmann: boksi dogo, sauti ya chini kabisa, na ufanisi mkubwa, utapata viwili, cha tatu utakikosa. Boksi dogo jepesi linaloshuka chini sana litakula wati nyingi. Linalopiga kelele kwa wati chache na kushuka chini pia litakuwa kubwa kama kabati la nguo. Tangazo likikuahidi vyote vitatu, kuna kitu kimefichwa.

Ufanisi ndiyo namba ninayoitazama kwanza: desibeli ngapi kwa wati 1, ukisikiliza umbali wa mita 1. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ukizidisha mara kumi unapata desibeli 10, ambazo sikioni ni kama sauti imekuwa mara mbili. Sasa linganisha maboksi mawili. La kwanza lina desibeli 100, ukilisukuma kwa wati 100 linafika 120. La pili lina desibeli 94: ili lifike 120 hiyo hiyo, linataka wati 400. Tofauti ya desibeli sita kwenye boksi imekununulisha amplifaya yenye nguvu mara nne. Jihadhari kidogo tu, kwani namba hiyo mara nyingi hupimwa kwenye sauti za kati, ambako spika huonekana hodari kuliko ilivyo huko chini.

Ukubwa wa spika peke yake hauamui kina cha besi. Spika ya inchi 10 iliyoundwa vizuri, ndani ya boksi linaloifaa, inaweza kushuka chini kuliko ya inchi 15. Kinachobadilika kwa uhakika zaidi ni mtawanyiko: spika kubwa hupeleka sauti za kati na za juu mbele tu, kwa hiyo aliyesimama pembeni anasikia mngurumo na anakosa mguso wa vidole.

Boksi lililozibwa hupungua taratibu kuelekea chini na noti zake huwa kavu. Lenye tundu la hewa hushikilia nguvu chini zaidi, kisha huanguka ghafla. Chini ya kiwango ambacho tundu limepangiwa, spika haina tena hewa ya kuizuia. Koni, ile sehemu ya spika inayotembea mbele na nyuma, inatapatapa bila kutoa sauti ya maana, na hapo ndipo huharibika.

Twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, ni ya wanaopenda kupiga kwa kidole gumba au kwa nyuzi mpya zinazong'aa. Hakikisha ina kitufe cha kuipunguza au kuizima. Kuhusu uzito, sumaku za neodimiamu ni nyepesi sana kuliko za seramiki, na mgongo wako utaitambua tofauti mapema kuliko masikio.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya omu

Omu ni kipimo cha ukinzani ambao boksi linaupa amplifaya. Matundu mawili ya kuchomekea waya nyuma ya boksi la besi karibu kila mara yameungwa sambamba, kwa hiyo ukiunganisha boksi la pili, omu zinapungua:

- maboksi mawili ya omu 8 yanakuwa omu 4;
- la omu 8 na la omu 4 yanakuwa kama omu 2.7;
- mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2.

Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachoruhusu. Ikiandikwa omu 4, usiishushe chini ya hapo, hata kwa wimbo mmoja. Itapata joto, itajizima, au itaungua.

Amplifaya ya valvu ina masharti yake. Omu za boksi lazima zilingane na tundu ulilochomeka, na usiiwashe kamwe bila spika, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kufa.

Ushauri wangu ni ununue boksi la kwanza la omu 8. Utapata wati pungufu mwanzoni, lakini hasara ni ndogo. Amplifaya inayotoa wati 500 kwa omu 4 kwa kawaida hutoa kama 300 kwa omu 8, nayo ni tofauti ya desibeli 2 na kidogo. Siku ukiongeza boksi la pili kama hilo, unafika omu 4, unapata wati zote, na juu yake nguvu ya spika zilizoongezeka. Liwe la aina ile ile. Ukichanganya inchi 10 na inchi 15 za miundo tofauti, kuna noti zitakazoimarishana na nyingine zitakazouana, na hujui ni zipi mpaka ufike jukwaani.

Hatua ya 5: Sasa wati

Tazama wati za kudumu, si zile za kilele. Amplifaya ikizidi kidogo uwezo wa boksi si kosa, ilimradi mkono wako una adabu.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi zinahusu zaidi joto ambalo koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) inavumilia. Koni yenyewe huishiwa nafasi ya kutembea mapema zaidi kwenye noti za chini. Boksi la wati 400 linaweza kuanza kulalamika kwenye B ya chini ukiwa hata nusu hujafika. Ndiyo maana napenda amplifaya yenye kichujio kinachokata kila kitu chini ya hezi 30 au 40. Hukosi chochote masikioni, na spika inapumua.

Mambo mengine ya kuangalia: tundu la kupeleka sauti kwenye miksa lenye swichi ya kuchagua kabla au baada ya vitufe vya kurekebisha sauti, na kitufe cha sauti za kati kinachosikika kweli. Kombo, au kichwa (amplifaya peke yake) na boksi lake kando? Kama unataka kukua, tenganisha.

Hatua ya 6: Jaribu kwa masikio

Nenda na besi yako. Weka vitufe vyote katikati. Piga noti moja moja kutoka E wazi hadi oktavu yake kwenye uzi huo huo, kwa nguvu ile ile. Noti moja ikivimba na jirani yake ikapotea, songa hatua chache kisha rudia. Uvimbe ukihamia noti nyingine, ni chumba; ukibaki kwenye noti ile ile, ni boksi.

Kisha pandisha sauti. Simama mita tatu au nne mbele, si juu ya boksi. Sikiliza "prrr" ya koni iliyofika mwisho, na kufoka kwa hewa kwenye tundu. Gusa wavu na vipini. Vikitetemeka, kelele hiyo utaishi nayo.

Hatua ya 7: Unganisha

Tumia waya wa spika, wenye nyaya mbili nene, ikiwezekana wenye plagi ya Speakon inayojifunga. Waya wa gitaa ni mwembamba ndani na haukuumbwa kubeba mkondo huo, hata kama jeki zinafanana.

Ukiwa na maboksi mawili, yapange wima. Yakikaa kando kwa kando sauti za kati hugongana kwa waliosimama pembeni. Usiyabananishe na kona isipokuwa unataka mngurumo wa bure.

Besi ikizama katikati ya bendi, usikimbilie kitufe cha besi. Ongeza kidogo kati ya hezi 250 na 800. Kwenye mazoezi ya peke yako itasikika kama ina pua, lakini dramu na gitaa vikianza, ndiyo itakayokuwa inasikika.