Kuunganisha pete mbili za benzini kwa paladiamu, ndani ya maji

Zamani, kuunganisha pete mbili za benzini (kila moja ni duara la kaboni sita) kulihitaji shaba nyingi na joto la nyuzi 200 hivi. Mwaka 1979 Akira Suzuki na Norio Miyaura walionyesha njia ya boroni na paladiamu (metali ghali inayochochea mmenyuko), na mwaka 2010 Suzuki akapata Nobeli pamoja na Heck na Negishi. Hili ndilo zoezi ninalowaanzishia wanafunzi: kutengeneza 4-fenilfenoli, yaani pete mbili za benzini zilizoungana, moja ikiwa na kundi la OH. Vaa miwani na glavu.

Hatua ya 1. Pima 4-iodofenoli (pete ya kwanza, iliyobeba iodini) miligramu 220, asidi ya fenilboroniki (pete ya pili, iliyobebwa na boroni) 122 na potasiamu kaboneti 414. Tia kwenye chupa ya duara yenye maji mililita 10. Kaboneti usiipunje: ndiyo inayoyeyusha iodofenoli majini, na ndiyo inayoifanya boroni iachie pete yake.

Hatua ya 2. Chukua miligramu 3 tu za paladiamu iliyo juu ya mkaa (asilimia 10), ikoroge kwenye mililita 1 ya maji, kisha mimina. Paladiamu yenyewe humo ni miligramu 0.3, yaani atomu moja kwa molekuli 350 hivi za iodofenoli. Inatosha, kwa kuwa haiishi: hujipenyeza kati ya kaboni na iodini, hupokea pete ya pili kutoka kwa boroni, huzifunga pamoja, kisha hutoka huru na kuanza upya. Kuiongeza ni kutupa fedha.

Hatua ya 3. Funga kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chupani), chemsha dakika 30 huku ukikoroga.

Hatua ya 4. Ikipoa, dondoshea asidi hidrokloriki hadi litmasi iwe nyekundu. Polepole, maana kaboneti hutoa povu jingi. Zao litaganda pamoja na mkaa.

Hatua ya 5. Chuja, yeyusha masalia kwa metanoli mililita 10, chuja tena. Mkaa utabaki kwenye karatasi. Usiiache ikauke! Mimi niliwahi kuiacha. Ikafuka moshi, cheche nyekundu zikatambaa ukingoni, na metanoli ilikuwa hatua moja tu pembeni. Siku hizi karatasi huingia kwenye kopo la maji kabla sijagusa kingine.

Hatua ya 6. Ongeza maji mililita 10 kwenye metanoli iliyochujika. Fuwele nyeupe zitajitenga. Zichuje, zikaushe, upime kiwango cha kuyeyuka: nyuzi 164 hadi 166. Zikianza kulegea mapema, bado zina uchafu. Zifanye fuwele upya kwa metanoli na maji.