Somo: Kumuuguza mpendwa wako nyumbani katika siku zake za mwisho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi si daktari. Nilimuuguza mama yangu mzazi, saratani ya shingo ya kizazi, miezi minne chumbani kwake kijijini, na baadaye nikajiunga na wahudumu wa kujitolea wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, usharikani. Dozi mtapangiwa na daktari. Mimi naeleza ya chumbani.

Hatua ya 1: Ulizeni tiba shufaa mapema

Sisi tuliambiwa "mpelekeni nyumbani, hatuna la zaidi", tukaelewa kwamba tiba imeisha. Kumbe iliyoisha ni ile ya kuondoa ugonjwa. Ya kutuliza maumivu, kichefuchefu, harufu ya kidonda na hofu ilikuwa haijaanza. Tulipoteza wiki tatu, mama akilia usiku na sisi tukimpa panado.

Ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kwa wenye saratani, na hospitali za makanisa. Selian, hospitali ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) kule Arusha, ina historia ndefu ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Chimbuko la kazi hii lenyewe ni la Kikristo. Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea udaktari baadaye, alifungua hospisi (mahali pa kuwahudumia wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, akifundisha kwamba anayekufa huumia mwili, moyo, roho, na huumia pia kwa ajili ya watu wake. Nimeliona kwa mama: dawa ilipotuliza maumivu ya mgongo, bado hakulala. Nitalirudia hapo chini.

Hatua ya 2: Dawa ya maumivu kwa saa, si kwa kilio

Morfini ya maji ndiyo mkombozi. Jirani zetu Uganda wameitumia majumbani tangu Dkt. Anne Merriman aanzishe hospisi Kampala mwaka 1993. Kazi yake hudumu kama saa nne, kwa hiyo ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Wengi hupangiwa dozi ya mwisho iwe maradufu ili walale mpaka asubuhi. Usisubiri aanze kulia ndipo ufungue chupa. Andika kwenye daftari kila unapompa, maana mkiuguza watatu mtampa mara mbili. Na morfini hufunga choo, karibu kwa kila mtu, kwa hiyo dai dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Mwili

Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi. Kinywa msafishe kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo, midomo paka mafuta. Kidonda kikinuka, muulize muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazole vilivyosagwa na kunyunyiziwa juu yake. Kwetu harufu ilipungua ndani ya siku chache, na wajukuu wakaanza tena kukaa kitandani kwa bibi yao.

Hatua ya 4: Yaliyo moyoni

Usiku ule aliokosa usingizi nilimuuliza, "Mama, nini kinakusumbua?" Nilitegemea aseme kifo. Akasema, "Elfu nane ya mama wa dukani. Sijamlipa." Asubuhi mdogo wangu akapeleka, akarudi na salamu, mama akalala mpaka saa 8 mchana. Basi ulizeni: madeni, shamba, mtoto waliyekosana naye, anataka kuzikwa wapi. Ulizeni angali na nguvu ya kusema. Mchungaji aje na Ushirika Mtakatifu. Kama kumeza ni shida, mwambieni mapema, chembe iliyochovywa inatosha.

Hatua ya 5: Saa za mwisho

Atalala zaidi, miguu itapoa, pumzi itakatika na kurudi. Akikoroma kooni, mlaze ubavu. Mara nyingi sauti hiyo hututesa sisi kuliko yeye. Huenda bado anasikia, kwa hiyo msijadili jeneza kando ya kitanda. Imbeni taratibu wimbo anaoupenda.

MASWALI YENU

*Dada wa Singida: Morfini si kumuua taratibu?*
Hapana dada. Ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa hatua kwa hatua, haimuui. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia sana, na wengi huogopa hapo. Akiwa haamki hata ukimwita, au pumzi zimekuwa chache na za kuachana mno baada ya dozi kubadilishwa, piga simu kwa wahudumu mara moja.

*Baba hali chakula, leo siku ya tatu. Mashangazi wanasema namuua kwa njaa.*
Mwili unaofunga safari hauombi chakula. Ukimlazimisha uji, unaweza kumpalia. Mloweshe kinywa. Mashangazi wape kazi hiyo hiyo ya kinywa, watatulia. Wanachotaka ni kuwa na la kumfanyia kaka yao.

*Kikundi cha maombi kinasema tukikubali anakufa tumekosa imani.*
Hili liliniumiza hata mimi. Kuna waliokemea kwa sauti juu ya mama mpaka akajifunika uso kwa khanga. Bwana mwenyewe, usiku wake wa mwisho, aliwaambia rafiki zake: "Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Hakuwaomba wamwondolee kifo, aliomba wakae, nao wakasinzia. Yakobo 5:14 ifuateni, waiteni wazee, wamwombee na kumpaka mafuta. Lakini wawe wawili watatu, kwa sauti ya chumbani, na wasimwambie mgonjwa kwamba maumivu yake ni upungufu wa imani. Mlangoni awepo mtu wa kusema "leo inatosha".

*Watoto waingie kumwona?*
Waingie wakitaka. Waeleze kwanza watakachokiona.

*Nauguza peke yangu mwezi wa tano. Jana nilitamani aondoke tu, halafu nikajichukia.*
Pole sana, dada yangu. Mimi nilitamani hivyo jikoni, nikichemsha mashuka, na nilikuwa nampenda mama kuliko mtu yeyote. Huo ni uchovu. Uliandika kwamba una kaka wawili mjini. Wapigie jioni hii, uwaambie Ijumaa na Jumamosi ni zamu yao. Usiwaulize kama wana nafasi.