Leseni Imefungiwa, Gari Lina Bima: Mambo ya Kufanya Kabla Gari Halijatoka Tena

Dereva anapofungiwa leseni, iwe kwa amri ya mahakama au kwa hatua ya Kikosi cha Usalama Barabarani, mwenye gari huanza kujiuliza kama bima aliyolipia bado ipo. Kwa Tanzania Bara, kwa kawaida ipo, kwa sababu leseni ni ya mtu ilhali bima imekatiwa gari, na kufungiwa leseni peke yake hakuufuti mkataba. Kinachopotea ni kinga ya safari ambayo aliyefungiwa ndiye ameshika usukani. Wengi hawaitambui tofauti hiyo mpaka dai lao linapokataliwa.

Anza kwa kusoma mkataba wenyewe, maana kavanoti, ile hati fupi ya kuthibitisha bima, ni muhtasari tu. Tafuta kifungu kinachomhusu dereva. Maneno yaliyozoeleka ni kwamba kinga inamhusu mkata bima, au mtu anayeendesha kwa ruhusa yake, ili mradi mtu huyo anaruhusiwa kisheria kuendesha gari hilo, au aliwahi kuruhusiwa na hajazuiwa na mahakama wala na sheria au kanuni yoyote. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Kwa mujibu wake, dereva ambaye leseni yake imekwisha muda tu anaweza kubaki ndani ya kinga, ingawa trafiki watamwadhibu. Lakini aliyefungiwa yuko nje, hata kama kadi ya leseni ingali mfukoni mwake na tarehe yake haijapita. Mikataba mingine ni mikali zaidi na hudai leseni hai, kwa hiyo iulize kampuni yako na upate jibu kwa maandishi.

Omba pia uamuzi wa kufungiwa kwa maandishi, ukionyesha sababu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kisha uijulishe kampuni ya bima. Najua wapo wanaonyamaza kwa kuhofia ada kupanda. Hata hivyo mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu, na ukificha jambo uliloulizwa kwenye fomu ya maombi au wakati wa kuhuisha bima, unaipa kampuni sababu ya kukataa dai ambalo lingelipwa.

Usiiache bima ikatike. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka gari linalotumika barabarani liwe angalau na bima ndogo, yaani ile inayomlinda mtu wa tatu anayedhurika kwa gari hilo, na mke, mume au dereva wa kuajiriwa anaweza kuendelea kulitumia kihalali. Hata likiegeshwa nyumbani, bima kubwa, yaani ile inayolikinga na gari lenyewe, huendelea kulilinda dhidi ya wizi na moto.

Unayemkabidhi funguo mkague kwanza. Leseni yake iwe hai na daraja lake lilingane na gari: daraja D kwa gari dogo la binafsi halimruhusu mtu kubeba abiria kibiashara. Uliza kama kampuni inakutwisha sehemu kubwa zaidi ya gharama pale dereva anapokuwa kijana sana au mgeni barabarani. Wamiliki wa daladala na mabasi wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwani kukagua leseni siku ya kuajiri pekee hakutoshi. Dereva anaweza kufungiwa katikati ya mwaka na asiseme, naye amebeba roho za watu.

Aliyefungiwa akiendesha na kumgonga mtu, usitarajie bima kubwa ilipie matengenezo ya gari. Kwa upande wa majeruhi, bima ya lazima iliwekwa kwa ajili yake, hivyo kampuni inaweza kulazimika kumlipa kisha ikakugeukia wewe kudai fedha hizo. Mwenye gari aliyetoa funguo huku akijua naye hasalimiki.

Lipo jambo moja ambalo kwa kutolijua madereva hukubali kupoteza haki bila sababu. Kinachotazamwa ni hali ya leseni siku ya ajali. Ikiwa ulifungiwa kutokana na ajali hiyo hiyo, wakati inatokea ulikuwa bado na leseni halali, na kufungiwa kulikofuata si sababu ya kulikataa dai. Kama kulikuwa na ulevi, hilo hupimwa kwa kifungu chake. Dai likikataliwa, taka sababu kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Adhabu ikiisha, usishike usukani kwa kuhesabu tarehe peke yake. Hakikisha kizuizi kimeondolewa kwenye kumbukumbu za polisi, angalia kama leseni yenyewe haijaisha muda ulipokuwa umefungiwa, na ikiwa imeisha ihuishe TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Baada ya hapo iandikie kampuni ya bima kwamba umerudi kuwa dereva wa gari hilo, nawe utunze jibu lao pamoja na mkataba.