Ukimaliza kulipa krediti, usitoke mu banki bila karatasi

Bandugu ba Lubumbashi, hii nimeipata kwa mama moja wa kazi ya krediti. Siku unalipa franga ya mwisho, omba pale pale atestasiyo yenye inaonyesha deni iko zero, na sinyatire na kashe, kisha uliza jina yako iko namna gani mu Centrale des Risques ya Banki Kuu ya Kongo. Juu banki na mikrofinansi njo banatuma habari ya madeni kule, na banki ingine mbele ya kukukopesha inaangalia kule, sasa kama ile ya zamani haiyaandika kama umemaliza, kwao ungali mudaiwa hata kama haudaiwe kitu, na ile karatasi njo itakusemea. Angalia muzuri nom, postnom na prénom vile viliandikwa, na namba ya kadi ya eleksio, kina Ilunga ni bengi sana mu hii muji yetu, deni ya mwengine inaweza kukuangukia kweli! Kama ulisimamia ndugu mu krediti yake uliza na ile pia, akikosa kulipa wewe njo batafata.

Kwenye haitasaidia: likelemba (kuchanga feza kwa zamu) na banque lambert (mutu mwenye kukopesha feza na faida) ya mu kartiye, kule hakuna fasi inaandikwa, omba tu karatasi ya kusainiwa mbele ya mushuhuda na upasule ile karatasi ya kwanza ya deni. Tena kama penalite kidogo imebakia, atestasiyo haitoke, lipa kwanza ile.