Jigi ya Ziwani Haifai Nje ya Mwamba

Nawaandikia wavuvi wa fimbo na wa mshipi wa mkono wanaotoka Likoni, Nyali, Bamburi na Mtwapa. Kila kaskazi inapotuliza bahari nasikia lalamiko lilelile: jigi, yaani vyambo bandia vizito vyenye ndoana, zinaliwa na mwamba. Kijana anatoka na mkoba umejaa, anarudi na jigi mbili na changu wa kitoweo. Jigi inalaumiwa, mkondo unalaumiwa, hata nahodha halali salama. Kosa liko kwenye uzito. Mnatupa jigi nyepesi mno kwa kina na mkondo mliomo, na hasara nyingine zote zinaanzia hapo.

Tazameni inavyokuwa. Chombo kinaelea juu ya pima 20, yaani karibu mita 36. Mvuvi anaachia jigi ya gramu 30. Mkondo unaushika mshipi kabla jigi haijafika chini, mshipi unalala, naye anazidi kuachia kwa sababu hajahisi kitu mkononi. Jigi inapogusa iko mbali na boti, tena ni nyepesi mno kumpa habari. Yeye bado anaachia. Muda huo wote inaburutwa juu ya matumbawe hadi ndoana inaingia ufani. Akivuta, anavuta kwa ubavu badala ya kwa juu, na ndoana inazidi kujichimbia. Mshipi unakatika, risasi inabaki baharini, na tumbawe lililochukua miaka mingi kukua limevunjika.

Jigi nyingi ndogo za bei nafuu madukani zilibuniwa kwa ajili ya besi, samaki wa maji baridi ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Hapa Kenya yuko Ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ziwani hakuna bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, na jigi ya nusu aunsi, yaani gramu 14, inatosha kabisa. Ile yenye kichwa kipana cha umbo la yai hutembea juu ya mawe bila kulala ubavu. Yenye kichwa chembamba na brashi ngumu mbele ya ndoana hupenya kwenye magugu bila kunasa. Ni vifaa vizuri kwa kazi yake, na hapa kwetu kazi hiyo iko ndani ya mikono ya bahari, Tudor na Mtwapa, kando ya mikoko penye pima moja hadi tatu, ambako brashi ile huepusha mizizi. Nje ya mwamba haina kazi. Hata ikifika chini, ndoana yake ni nyembamba, na kolekole mkubwa huinyoosha akaenda zake.

Sasa kipimo, na hapa naomba usikivu. Pima moja ni futi 6, karibu mita 1.8. Anzeni na gramu 6 kwa kila pima moja ya kina. Pima 15, gramu 90. Pima 20, gramu 120. Pima 30, gramu 180. Hicho ni kipimo cha maji yanayotembea kwa wastani. Maji yakiwa mafu na mkondo umelala, mnaweza kushuka hadi gramu 4 kwa pima. Yakikimbia, pandeni hadi 8. Zikihitajika zaidi ya 8, mahali hapo hapavuliki kwa jigi saa hiyo. Hamieni maji mafupi zaidi au subirini. Pakiti nyingi huandikwa kwa aunsi: aunsi moja ni gramu 28, kwa hiyo jigi ya aunsi 4 ni gramu 113. Kuishika jigi dukani, kuirusharusha kiganjani na kusema "hii nzito" si kupima. Huo ni uzembe, na mnaulipia kwa pesa zenu wenyewe.

Na kina chenyewe kisikadiriwe kwa mazoea. Asiye na mashine ya kupimia kina atie bildi kama manahodha wa zamani: kamba, chubwi, na fundo kila baada ya pima. Sakafu ya nje ya mwamba hushuka ghafla. Mnaweza kuanza na pima 12, na chombo kikielea kidogo mko kwenye pima 25 na jigi ileile mkononi.

Mshipi ndio utakaowaambia kama uzito umekaa sawa. Unapaswa kuingia majini karibu wima. Ukiinama hadi digrii 30, kuweni macho. Ukifika digrii 45, juu ya pima 20 mmeshaachia kama pima 28, na kila mkiinua fimbo mnaikokota jigi kwa upande badala ya kuiinua. Vuteni yote juu, fungeni nzito zaidi. Msiongeze mshipi. Narudia: dawa ya mshipi ulioinama ni uzito, kamwe si mshipi zaidi.

Unene wa mshipi nao unaongeza tatizo. Nailoni nene inashikwa na mkondo kwa urefu wake wote, tena inanyumbuka, hivyo mguso wa samaki haufiki mkononi. Mshipi wa kusuka, mwembamba na wenye nguvu ileile, hukata maji na hukuwezesha kupunguza uzito kidogo. Mwishoni ungeni pima moja au moja na nusu ya nailoni ngumu ya kuhimili kusuguliwa na mwamba. Mkikutana na nguru au mzia wanaokata kwa meno, wekeni waya wa sentimita 10 hadi 15 tu. Ukizidi hapo jigi inapoteza mchezo wake.

Kuhusu aina, nje ya mwamba zinatosha mbili. Bapa na pana, yenye uzito katikati, hushuka ikiyumba na kupepea, na ndiyo ya tewa, changu na kungu wanaokaa karibu na sakafu. Ndefu na nyembamba, yenye uzito mkiani, huzama upesi na huvutwa upesi kuelekea juu. Hiyo ni ya kolekole, nguru na jodari. Kuvuta ile bapa kwa kasi, kama nionavyo wengi mkifanya, ni kuinyima kazi yake, maana tewa huishambulia inaposhuka. Iliyo na kichwa cha risasi na manyoya ibaki ya mikono ya bahari na kando ya mwamba. Za tangasteni ni nzito kuliko risasi kwa ukubwa uleule na huzama vizuri sana, lakini ni ghali. Anayepoteza jigi kila safari asizinunue bado.

Ndoana ya mikono mitatu ya mkiani iondoeni kabla hamjatoka nyumbani. Ndiyo inayogusa mwamba kwanza. Fungeni ndoana moja au mbili za kawaida juu, upande wa mshipi, kwa kamba fupi ngumu, ncha zake zisipite nusu ya urefu wa jigi. Mdomo wa ndoana uwe mpana kuliko unene wa jigi, la sivyo ndoana itaikumbatia jigi yenyewe na samaki atapita.

Wakati. Maji hujaa kwa muda wa saa 6 na dakika chache, kisha hukupwa kwa muda kama huo, na saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba karibu nusu ya maji yote. Siku za bamvua saa hizo mbili ni za kukaa bila kutupa. Vueni saa moja kabla maji hayajasimama na saa moja baada yake. Bamvua hapa Mombasa maji hukupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku nzuri zaidi kwa anayejifunza ni za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu mkondo hauna nguvu na makosa ya uzito hayaadhibiwi vikali.

Lakini msidhani maji yakisimama ndani ya Kilindini yamesimama na nje. Nje ya mwamba kuna mkondo mkuu wa pwani unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi una nguvu zaidi. Anzeni kuelea kusini mwa mahali mnapopataka ili mkondo uwapitishe juu yake. Angalieni pia mnakoelekea, kwa maana kutoka Nyali mnaweza kujikuta mko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na humo hakuna uvuvi wa aina yoyote, hata wa jigi moja.

Jigi ikigusa chini, inueni hapohapo, kabla hamjahesabu mbili. Inueni nusu pima, kisha ishusheni huku kidole kikiuongoza mshipi, usikaze wala usilegee. Pandeni hivyo hadi pima 3 kutoka sakafuni, rudini. Mkishagusa mara mbili au tatu, vuteni yote na mtupe upya, kwa sababu kwa kila kugusa mshipi unazidi kulala na mnarudi kwenye kosa lile la kwanza.

Ukipatia, mshipi unasimama wima na jigi zinarudi zimechubuliwa na meno badala ya mawe.

Jambo la mwisho linanisumbua sana. Wapo wanaojitengenezea jigi nzito kwa kuyeyusha risasi za betri kuukuu za gari, jikoni, kwenye sufuria ya kupikia. Acheni. Risasi ni sumu, na kwa mtoto inadhuru ubongo hata kwa kiasi kidogo, na vumbi lake hubaki sakafuni mtoto anakotambaa. Ndani ya betri mna asidi pia. Chombo kilichowahi kuyeyushia risasi kisirudi jikoni hata kikisuguliwa. Kalibu yenye unyevunyevu hurusha risasi ya moto usoni. Nunueni zilizokwisha kutengenezwa, chache na za uzito sahihi, mzipime kwenye mizani ya duka na kuandika gramu ubavuni kwa rangi isiyofutika, ili hata baharia mgeni akitumwa kwenye mkoba alete ya 120 na si ya 40.