Kabla ya kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani iliyozeeka

Mwenye steshenari pale Nyegezi au Malimbe, jijini Mwanza, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hupeleka kazi za kuchapwa, akilalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito, jibu la kwanza atakalopewa ni kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi zilizofunguliwa. Ushauri huo mara nyingine ni sahihi, lakini RAM hutibu ugonjwa mmoja tu, nao ni upungufu wa RAM. Kompyuta inayojizima umeme ukipungua nguvu, kwa mfano, inahitaji UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme unapoyumba.

Kipimo kifanyike wakati wa kazi, si dakika chache baada ya kuwasha. Fungua kila unachokifungua siku yenye wateja wengi, yaani kivinjari na kurasa zake zote, Word na programu ya skana, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie sehemu inayoonyesha utendaji wa mashine (Performance). RAM ikiwa imejaa kupita asilimia 85 na kubaki hapo, na mashine ikapata nafuu unapofunga kivinjari, sababu ya kununua ipo. Ikiwa RAM imefika nusu tu huku diski ikisoma asilimia 100, tatizo ni diski, na fedha hiyo iende kwenye SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi zaidi. Hapa wengi huchanganya mambo: RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski, hivyo diski nayo huonekana imeelemewa. Soma RAM kwanza, ndipo uihukumu diski.

Ukurasa huohuo huonyesha kasi ya RAM na idadi ya nafasi za kuichomekea zilizotumika. Hakikisha pia aina yake, kwa sababu RAM huja kwa vizazi (DDR2, DDR3, DDR4), na DDR3 haiingii penye DDR4: ya kwanza ina pini 240, ya pili 288, na pengo la katikati halikai mahali pamoja. Jihadhari na RAM za seva, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia kwenye vifaa vilivyotumika lakini nyingi hazifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Angalia vilevile kama Windows yako ni ya biti 32, kwani hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 8, mpaka uweke ya biti 64. Mazabodi, yaani bodi kuu ambayo RAM huchomekwa, nayo ina kikomo chake; zile za Intel G41, kwa mfano, huishia GB 8.

Kwa kazi za ofisini, kutoka GB 4 kwenda 8 ndiko kunakoonekana kwa macho. Kutoka 8 kwenda 16 kunamfaa anayehariri video. Anayechapa barua hataona tofauti. Vipande viwili vya RAM vinavyolingana ni bora kuliko kimoja kikubwa, maana mazabodi nyingi huvisoma vyote kwa wakati mmoja, na ukichanganya kasi mbili, vyote vitafuata ile ya chini.

Umri wa mashine nao uhesabiwe. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za DDR3 hazitimizi masharti ya Windows 11, ambayo yanahusu prosesa na TPM 2.0 (chipu ya usalama), mambo ambayo RAM haiyagusi. Kwa maoni yangu, mashine ya DDR2 isitumiwe hata shilingi. Ya DDR3 iongezewe kipande kilichotumika, lakini ikiwa tu tayari ina SSD, au ikiwa umeamua kuihamishia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Unapokwenda dukani mjini, chukua kipande cha zamani mkononi, na mkubaliane kabla ya kulipa kwamba kisipokubali kitarudishwa. Nyumbani, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, upulize vumbi, kisha uchomeke kipande kipya, urudishe waya na kuwasha. Kompyuta ikilia bila kuonyesha picha, toa kipande, safisha pini zake taratibu kwa kifutio cha penseli, ukikandamize tena mpaka vishikizo vifunge. Ikiwaka, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na uiache ikague RAM, halafu rudia kipimo kilekile cha kazi ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha mliokubaliana.