Una PCOS (tatizo la homoni linalozuia mayai kupevuka inavyotakiwa) na hedhi haieleweki? Usivuke siku 90 bila hedhi

Weka kalenda mahali unapoiona kila siku. Siku damu inapoanza kutoka kwa uhakika, si matone, ndiyo siku ya 1. Hesabu hadi siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Ukivuka 35 mara kwa mara, au ukapata hedhi chini ya 8 kwa mwaka, mayai hayapevuki inavyotakiwa. Daktari apime pia thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa), maana nazo huvuruga hedhi vilevile.

Wengine hufurahi: "Afadhali, nimepumzika na pedi." Tafadhali usikae hivyo. Yai lisipotoka, projesteroni, homoni inayodhibiti utando wa ndani wa mji wa mimba, haipatikani, huku homoni ya estrojeni ikizidi kuunenepesha utando huo. Ndiyo maana mtu hukaa miezi 4 mkavu, kisha anatokwa damu ya mabonge wiki 2 mfululizo. Utando huo ukiachwa kwa miaka unaweza kuzaa saratani.

Siku 90 zikitimia bila hedhi, pima mimba kwanza. PCOS si kinga ya mimba. Yai linaweza kutoka mwezi usioutarajia. Kama huna mimba, mwone daktari. Mara nyingi huandika medroksiprojesteroni, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, miligramu 10 kwa siku, siku 10 hadi 14. Meza zote. Kwa kawaida damu huja siku chache baada ya kidonge cha mwisho, na wengi huacha siku ya 5 wakidhani dawa imegoma. Dozi hiyo haizuii mimba, na P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) haichukui nafasi ya dawa hii.

Asiyetafuta mtoto anaweza kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ila si mwenye presha, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye kipandauso cha kuona mimetometo, wala mvutaji sigara aliyevuka miaka 35. Kitanzi chenye homoni nacho hulinda utando. Hedhi ikikatika kwa sababu yake si hatari, kwani utando hubaki mwembamba.

Metformini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa PCOS, ukiandikiwa, huanza na miligramu 500 pamoja na chakula cha usiku, kisha huongezwa 500 kila baada ya wiki 1 au 2. Ukiimeza tumbo tupu au ukiharakisha dozi, utaharisha na kuichukia. Ipe miezi kadhaa.

Kama uzito umezidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 mara nyingi hurudisha hedhi: kwa kilo 80, ni kilo 4 hadi 8 tu. Anzia kwenye chai. Vikombe 3 vyenye vijiko 3 vya sukari ni vijiko 9 kila siku. Ugali au wali uwe robo ya sahani, maharage au samaki robo, mchicha na kabichi nusu. Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Pedi ikilowa chapa ndani ya saa 1, kwa saa 2 mfululizo, au ukipata kizunguzungu, nenda hospitali muda huohuo.